Gari la Kuvuta Boti ya Mwalimu

Jumatatu, 4 Machi

Leo sakafu ya gari langu imeanguka barabarani. Naandika vile vile ilivyotokea, maana nikisimulia kwa mdomo watu wanadhani natia chumvi. Nilikuwa nashuka mteremko wa kuelekea sokoni, nyuma nimepakia maboksi manane ya vigae na mifuko miwili ya gundi. Mara nikasikia krrr, nikatazama kioo cha pembeni, nikaona vigae vya mteja vinanifuata kimoja kimoja. Kutu ilikuwa imeila sakafu yote. Mimi, fundi wa sakafu mwaka wa ishirini na tatu huu, nimeangushwa na sakafu. Dereva aliyekuwa nyuma yangu alisimama akanisaidia kuokota, na kwa adabu zake hakucheka mpaka aliporudi kwenye gari lake.

Shemeji amekuja kulitazama jioni. Huyu ni mdogo wake mume wangu, makanika, mtu ambaye maneno yake ya wiki nzima ukiyakusanya hayajazi kikombe. Aliingia chini ya gari, akatoka, akapangusa mikono, akasema, "Shemeji, hili tulizike." Basi, ndiyo limekufa. Daftari hili nililinunua la kuandikia vipimo vya wateja, na limeanza na msiba.

Jumanne, 5 Machi

Gari limekufa jana na leo mume wangu anapiga mluzi. Nimemuuliza kuna nini cha kufurahia, akasema hakuna kitu, akaendelea kupiga mluzi. Najua sana kinachomfurahisha. Gari la zamani lilikuwa haliwezi kuvuta hata toroli, na kwa kuwa sasa lazima ninunue jingine, ameona mlango umefunguka.

Niieleze hiyo boti, ili nikilisoma daftari hili uzeeni nisidhani niliota. Mume wangu alifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja, na mtaa mzima unamwita Mwalimu, hata mimi. Kila mwaka kulikuwa na mwanafunzi aliyenyoosha mkono akauliza hesabu hizi zitamsaidia nini maishani, na kila mwaka Mwalimu alitoa jibu ambalo yeye mwenyewe halikumridhisha. Alipokaribia kustaafu akanunua mchoro wa boti, akaanza kuijenga uani, yeye ambaye hata kigoda hajawahi kutengeneza. Hakukisia kitu. Kila ubao aliupima kwa mizani ya kuning'iniza aliyoinunua kwa muuza nyama, kila msumari aliuhesabu, na yote akayaandika kwenye madaftari ya shule. Ilimchukua miaka minne. Imekwisha tangu mwaka juzi. Ina urefu wa mita tano, iko juu ya tela lake chini ya turubai, na haijawahi kuelea hata siku moja.

Ziwa liko mwendo wa saa mbili, na katikati kuna mlima. Tuliwahi kufikiria kukodi lori, lakini kule ufukweni hakuna pa kuiacha boti salama, kwa hiyo kila tukienda lazima turudi nayo. Nani anakodi lori kila Jumamosi? Mwalimu hajui kuendesha gari wala hataki kujifunza, dereva wa nyumba hii ni mimi. Kwa hiyo boti itafika ziwani siku gari langu la kazi litakapoweza kuivuta, la sivyo itaozea uani.

Wakati wa chakula alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi tu, kwamba hilo gari jipya huenda likavuta na tela. Nikamjibu kwamba gari ni la vigae. Kama lenyewe litapenda kuvuta boti, mimi sitalizuia.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua zimeanza. Nimepeleka gundi kwa mteja kwa teksi. Mfuko ulitoboka, na dereva hatanisahau.

Jumamosi, 9 Machi

Tumekwenda kwa dalali wa magari, sisi watatu. Watu wanamwita Bila Shaka kwa sababu hana jibu jingine. Ukimuuliza kama gari lina hati zake, bila shaka. Ukimuuliza kama liliwahi kupata ajali, anasita kidogo, halafu bila shaka hapana. Uwanja wake wote ni tope na viatu vyake ni vyeupe pe, sijui anapita wapi.

Gari la kwanza lilikuwa la mwoka mikate. Nimelipenda kwa pua. Ukifungua mlango wa nyuma unapata harufu ya mkate wa moto, na mimi nilikuwa nimetoka nyumbani bila kula. Mwalimu akauliza kama linavuta. Bila Shaka akasema linavuta sana. Tukaenda kulijaribu kwenye kilima cha nyuma ya uwanja, bila mzigo wowote, na katikati ya kilima bibi mmoja mwenye fimbo akatupita, akatusalimia, akaendelea na safari yake.

Ndipo ilipojulikana kwamba hatuelewani. Kwa Bila Shaka, gari kuvuta ni injini kuwa na nguvu. Kwa Mwalimu, kuvuta ni kuvuta boti. Shemeji alifungua mlango wa dereva akatuonyesha kibati kidogo kilichopigiliwa ubavuni. Kimeandikwa uzito wa aina tatu: gari tupu, gari likishapakia, na gari pamoja na tela lake. Ukishajaza vigae nyuma, ulichobakiwa nacho cha kuvuta kinapungua. Mwalimu alichuchumaa mbele ya kile kibati, akatoa penseli, macho yakamng'aa, miaka mingi sijamwona hivyo. Gari la mikate, nikishapakia mizigo yangu ya kawaida, linaweza kuvuta kilo mia mbili na kidogo. Boti na tela lake, kwa madaftari yake, ni kilo mia sita ishirini na nane.

Nimenunua mkate njiani.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Vigae vya choo cha mteja, mita za mraba kumi na mbili. Nimefika kwa teksi nyingine.

Jumamosi, 16 Machi

Tumerudi kwa Bila Shaka. Alikuwa ametutafutia gari kubwa la bluu, akaapa kwamba hili sasa linavuta. Nililiendesha mpaka barabara kuu na kweli lilivuta, lilivuta kushoto. Ukiachia usukani kidogo tu, linakupeleka mtaroni. Niliporudi nikamwambia. Hakutahayari hata kidogo, akasema si mama ndiye aliyetaka linalovuta? Nilitaka kukasirika, kicheko kikaniwahi. Mtu huyu ni mwongo, lakini hachoshi.

Halafu nikaliona jingine, pembeni, rangi ya maziwa. Lilikuwa la dobi. Ndani limefungwa vyuma virefu vya kutundikia nguo, ambavyo vitabeba ngazi yangu na mabomba ya wateja. Sakafu ni nzima, niliipiga kwa nyundo kila mahali kama ninavyopiga kigae kusikiliza kama kiko wazi chini. Linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na shemeji anasema hilo ndilo la kutoka nalo kwenye tope la ufukweni. Chuma cha kufungia tela kipo tayari. Tena nikishapakia vigae bado linaweza kuvuta kilo mia nane. Nilikaa kwenye kiti cha dereva, nikashika usukani, nikajua hili ndilo. Mwalimu alisimama dirishani akinitazama.

Shemeji ndiye aliyeharibu sherehe. Alisema boti ipimwe kwanza kwenye mizani ya kweli. Mwalimu akauliza kwani hii yake ni mizani ya uongo. Shemeji akasema ipimwe. Wamerudi nyumbani kila mmoja akitazama dirisha lake.

Jumatatu, 18 Machi

Mwalimu anahakiki madaftari. Yako tisa.

Ijumaa, 22 Machi

Leo nimefanya jambo baya, na nimelifanya nikicheka.

Mwenye ghala la nafaka, hapa mtaa wa nyuma, ana mizani ya kupimia malori. Alituazima na trekta la kuvuta tela mpaka pale, ni mwendo wa dakika tano. Ilikuwa asubuhi, manyunyu tu. Mwalimu alivaa shati lake la siku ya kustaafu. Alitembea pembeni ya boti njia nzima, mkono juu ya ubavu wake. Wachukuzi wa ghala waliacha magunia wakaja kuangalia. Tela likasukumwa juu ya mizani, trekta likafunguliwa, sote tukatazama namba.

Kilo elfu moja mia moja tisini.

Mwalimu akaomba isomwe tena. Ikasomwa. Akaomba tela lisogezwe, labda gurudumu moja liko nje. Likasogezwa. Elfu moja mia moja tisini. Mwenye ghala akasema kwa upole kwamba mizani yake ilikaguliwa mwezi uliopita. Shemeji akatazama viatu vyake. Mimi nilipaswa kutazama viatu vyangu pia, lakini nilikuwa nimechoka na teksi, nilikuwa nimelipenda lile gari la dobi na nimeliona likiniponyoka, na palikuwa na watu. Watu wakiwepo, mdomo wangu huu haujizuii. Nikasema, "Mwalimu, miaka thelathini na mmoja umewafundisha nini watoto wa watu?"

Wachukuzi waliangua kicheko. Mimi nikacheka nao. Yeye hakucheka. Alikunja daftari akalitia kwenye mfuko wa shati, akasema taratibu, si kwa hasira, "Basi sijui kujumlisha."

Tumerudisha boti uani. Alizikaza upya mwenyewe kamba zote za turubai, ambalo halikufunguliwa hata kwenye mizani. Nimepika chakula anachokipenda na amekila chote, akashukuru. Ningefurahi zaidi kama angenigombeza.

Jumatano, 27 Machi

Mvua. Hapigi mluzi.

Ijumaa, 29 Machi

Mvua. Mwalimu amekarabati mguu wa meza, kazi ninayomwomba tangu mwaka jana. Sijafurahi.

Jumanne, 2 Aprili

Nimekwenda kwa Bila Shaka peke yangu kutafuta gari la kuvuta kilo elfu moja mia mbili huku limejaa vigae. Alinionyesha moja lililotoka machimbo ya mawe. Kulipanda nilihitaji stuli. Getini kwetu haliingii, na nyumba ya jirani pia lingeitishia. Nilimuuliza linakunywa mafuta kiasi gani. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema bila shaka, alisema, "Mama, usilichukue hili." Nilimtazama upya yule mtu.

Nikapita kulitazama la dobi. Bado lipo. Nililigusa bodi nikaondoka.

Jumamosi, 6 Aprili

Leo amekuja mwenye mgahawa. Anafungua mgahawa mpya karibu na kituo cha mabasi, na amesikia kwa wachukuzi kwamba kuna boti isiyokwenda popote. Ni kijana mchangamfu, mweleweka, wala si mtu mbaya. Anataka kuikata katikati, nusu moja iwe kaunta ya kuuzia na nusu nyingine aisimamishe ukutani iwe kabati la chupa. Alieleza kwa mikono yake mahali msumeno utakapopita.

Nilingoja Mwalimu amfukuze. Mwalimu akamuuliza atakuja kuichukua lini. Wamekubaliana tarehe ishirini.

Alipoondoka nikamwuliza Mwalimu ana akili gani. Akanijibu kwamba kaunta haihitaji hesabu iwe sahihi. Halafu akasema nilichukue gari la dobi, linanifaa, nisiendelee kupanda teksi kwa ajili yake. Anasema vitu hivi kwa upole. Nimeingia chooni nikalia kidogo.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimerudi kutoka kazini mapema kwa sababu ya mvua, nikamkuta mezani na madaftari yote tisa. Anajumlisha upya. Hakunisikia nikiingia. Ananong'ona namba kama mtu anayesali, anafika mwisho, anapiga mstari chini, anaandika jumla, kisha anaitazama. Nilichungulia begani kwake. Ni mara ya sita hii, na kila mara inakuja mia sita ishirini na nane.

Nilikuwa nadhani boti ni mchezo wa mstaafu. Nimeishi nayo uani miaka sita nikiizunguka, nikiianikia nguo, nikiitania. Leo ndiyo nimeelewa kwamba lile lilikuwa jibu la yule mwanafunzi anayenyoosha mkono. Na mimi ndiye niliyemcheka mbele ya darasa.

Alhamisi, 11 Aprili



Asubuhi niliitwa na mteja mmoja, mama mtu mzima, bomba limepasuka jikoni kwake na mafundi wa bomba wamevunja vigae vinne ukutani. Ni vile vya manjano vyenye jani dogo kwenye pembe. Mama wa watu anavipenda, alivichagua na marehemu mumewe, na kiwanda kimeacha kuvitengeneza. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, niliviweka mwaka jana kwenye zahanati moja na likabaki boksi zima, ninalo nyumbani. Nilipanda teksi nikijisifu. Katikati ya safari nikajiuliza boksi lenyewe nililiweka wapi, na nikakumbuka. Nililiweka kwenye boti.

Kisa chenyewe ndicho hiki. Mwaka juzi Mwalimu alilalamika, na alikuwa na haki, kwamba vigae vyangu vya masalia vimejaa nyumbani, viko chini ya kitanda, viko nyuma ya mlango, ameshajikwaa mara mbili. Nikamwahidi vitatoka nyumbani. Na vilitoka. Stoo ya uani inavuja, lakini boti ina turubai zuri. Nikaweka boksi moja chini ya sitaha ya mbele, zile mbao zinazofunika pua ya boti. Kila kazi ikiisha, likibaki boksi, naliingiza humo, moja leo, mawili mwezi ujao. Yeye alishamaliza kujenga na alikuwa haifunui asije akaichafua. Kichwani mwangu yalikuwa maboksi mawili matatu.

Nimefungua turubai kwenye mvua nikaingia kwa magoti. Nilianza kuyatoa huku nikiyahesabu. Chini ya sitaha, kumi na moja. Chini ya viti vya pembeni, tisa. La mwisho lilikuwa huko nyuma kabisa, na kando yake nusu mfuko wa gundi iliyoganda ikawa jiwe. Maboksi ishirini na moja. Kila moja kilo ishirini na sita, imeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa. Fundi yeyote anajua boksi la vigae lina uzito gani, na mimi nayabeba kila siku ya Mungu kwa mgongo huu. Nilikaa sakafuni mwa boti nikashindwa nianze na lipi, kucheka au kulia, nikafanya yote mawili.

Nilimkuta jikoni anachambua maharage. Nikasimama mbele yake nimelowa, nimebeba boksi la manjano. Nikamwambia boksi hili limetoka kwenye boti. Akasema sawa. Nikamwambia si peke yake.

Akaacha maharage. "Yako mangapi?"

"Ishirini na moja. Na nusu mfuko wa gundi."

Hakuuliza ni ya nani wala yamefikaje. Alichukua penseli sikioni. Ishirini na moja mara ishirini na sita, aliandika kwenye meza yenyewe, akaongeza gundi, akatoa kwenye elfu moja mia moja tisini, akaangalia alichopata. Akaweka penseli chini taratibu kama kitu kinachovunjika.

"Kwa hiyo najua kujumlisha," alisema.

"Unajua."

Nikamwambia kwamba vigae ni kosa, lakini kicheko cha ghalani ni kosa kubwa zaidi, na kwamba naomba radhi, tena nitakwenda kumwomba mbele ya wale wachukuzi akitaka. Nilisema yote bila utani hata kidogo, na si rahisi kwangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, ilikuwaje nikamwambia vigae vimetoka nyumbani. Nikamwambia vimetoka, viko uani. Hapo ndipo alipoanza kucheka. Amecheka mpaka bakuli la maharage likapinduka, na tukawa tunaokota maharage chini ya meza, watu wazima wawili, kila tukitazamana tunaanza upya.

Ijumaa, 12 Aprili

Mizani ya ghala, mbele ya wachukuzi wote, boti tupu: mia sita na thelathini. Kwa daftari ni mia sita ishirini na nane. Mizani ile inasoma kwa makumi, lakini Mwalimu amewatangazia kwamba hizo kilo mbili zilizozidi ni mimi, nilikuwa nimeegemea tela. Wakacheka, na safari hii nilistahili. Nikaomba radhi kama nilivyoahidi. Mchukuzi mmoja akamwita Mwalimu pembeni, akamwomba ampigie hesabu za vyumba anavyojenga.

Jumamosi, 13 Aprili

Tulifika kwa Bila Shaka kabla hajafungua, na pale la dobi lilipokuwa likikaa palikuwa na dimbwi la maji tu.  Mwalimu akanishika bega, akaanza kuniambia kwamba magari yapo mengi.

Bila Shaka akaja na viatu vyake vyeupe. Nikamuuliza limeuzwa lini. Akasema halijauzwa, liko nyuma ya ofisi. Watu wawili walilitaka wiki hii na yeye akawaambia limeshachukuliwa. Nikamuuliza kwa nini awaongopee wakati mimi sikuacha hata neno. Akasema mtu aliyeligusa gari vile lazima arudi. Nimemwomba radhi kimoyomoyo kwa yote niliyoandika humu juu yake, ila lile la gari kuvuta kushoto linabaki. Shemeji alikagua breki na kila kitu, akatikisa kichwa kukubali, na nimerudi nyumbani nikiendesha.

Jumapili, 14 Aprili

Tumekwenda kwa mwenye mgahawa kumweleza kwamba boti haiuzwi. Alinywea, maana ameshawaambia watu wote kuhusu kaunta. Nikamuuliza kama amewahi kuona kaunta ya vigae vya rangi ishirini na moja. Hajawahi. Nikamwambia mimi pia sijawahi, ila nina maboksi yanayotafuta kwao. Naanza kazi wiki ijayo.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimejifunza kurudi nyuma na tela, kwenye uwanja wa ghala. Ukikata kulia, tela linakwenda kushoto. Nimelaza mapipa manne. Mwalimu alinielezea pembe zake kwa kuchora ardhini, na nikamwomba anyamaze.

Ijumaa, 26 Aprili

Kaunta imekwisha. Ni nzuri jamani, niseme tu. Nimerudi tena nyuma na tela, na mapipa yamebaki yamesimama yote.

Alhamisi, 2 Mei

Leo haijanyesha. Jana pia. Mwalimu anapiga mluzi tangu alfajiri, wimbo ule ule mmoja, na sijamwambia aache.

Jumamosi, 4 Mei

Tumekwenda ziwani.

Vigae nilivishusha jana, lakini zana zangu zote zilikuwa nyuma, kwa sababu hili ni gari la kazi na lilipaswa kuonyesha kwamba linaweza. Mlimani lilinguruma, likashika mwendo wake, halikutafuta huruma ya mtu. Mwalimu alikuwa amegeuka njia nzima anaitazama boti kwa dirisha la nyuma. Shemeji alikaa katikati yetu na termosi ya chai magotini, na kileleni akasema, "Linavuta." Nimeiandika kwa sababu ndiyo hotuba yake ya leo, au nilidhani ndiyo.

Ufukweni kuna mteremko wa zege unaoingia majini, sehemu ya chini imejaa tope la mvua. Nilirudi nyuma mara saba kabla tela halijanyooka. Walikuwepo watu wa kutosha kunishangaa. Mara ya saba liliingia sawasawa, magurudumu ya nyuma yakashika, na boti ikawa inaning'inia juu ya maji.

Kabla hatujaifungua Mwalimu akasema tusubiri. Alitoa chaki mfukoni, na futi ya kupimia, akapima kutoka chini ya boti, mbele na nyuma, akachora mstari mweupe ubavu mzima. Nikamuuliza ni nini. Akasema maji yatafika hapo.  Nilimwomba Mungu kimya kimya kwamba, ikiwa maji yanaweza kusikia, yasikie.

Akavaa boya lake la kujiokolea, akapanda. Shemeji akaingia majini mpaka magotini, akaisukuma. Boti ikateleza, ikapiga maji, ikayumba, ikatulia. Ilielea. Watu walipiga makofi, na mimi nilikuwa nimejishika mdomo kwa mikono miwili. Halafu nikatazama mstari. Ulikuwa juu ya maji, umepita kwa unene wa kidole kizima, mbele na nyuma. Nikatazama tena nikitumaini ni wimbi tu. Halikuwa wimbi. Roho iliniuma. Nikasema moyoni, mama, safari hii usifungue mdomo, imeelea, inatosha, kidole kimoja si kitu.

Mwalimu alikuwa amekaa ameshika kasia, ametulia kabisa, ananitazama.

"Panda," alisema.

Nikamwambia sijawahi kusema nitapanda. Mimi ni dereva, kazi yangu inaishia kwenye zege. Sijui kuogelea, na viatu vyangu ni vya kazini. Kwa miaka sita ya ile boti hajaniuliza hata siku moja kama nitaipanda, na mimi sikumwambia. Akachukua boya la pili kutoka chini ya kiti, la kipimo changu hasa, akaninyooshea.

Nilipanda. Shemeji alinishika mkono upande mmoja na yeye upande mwingine. Mwalimu akanionyesha pa kukaa, si hapa, hapo mbele kidogo. Nikakaa. Boti ikashuka taratibu chini yangu.

Shemeji aliinama akatazama ubavu mmoja, akazunguka kwenye maji akatazama na wa pili.

"Imefika," alisema.

Nikamgeukia Mwalimu. Alikuwa anafuta chaki mikononi kwa suruali, kama alivyokuwa akifanya akitoka darasani.

"Nilikuhesabu," aliniambia. "Tangu daftari la kwanza."

Uzito wangu aliujuaje, sikumuuliza na sitamuuliza. Nilimwambia apige kasia twende, mdogo wake asinione ninavyolia.